Goti la Suud

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema mwenyewe, maana najua Ijumaa mkishakunywa kahawa mnakaa na gazeti hili kunipasua, na bora nijipasue nikijua naanzia wapi.

Wiki iliyopita nilikuachieni krosi ingali hewani. Nusu fainali ya vyuo, tuko bao moja kwa moja, mchezo umekaribia kwisha. Suud, mtoto wa mama yangu mdogo, aliyekuwa mfungaji wetu hapa Chuo cha Samar mpaka alipohamia Rimal, wapinzani wetu wa siku ile, anaukimbilia mpira. Yaarub, beki wetu wa kati, anamkimbilia Suud. Mguu wa Yaarub uko juu, njumu mbele, na kila mtu wa Samar anajua zinakwenda wapi.

Goti la kushoto.

Tulilijua sisi kuliko daktari. Tumelifunga bendeji sisi, tumelikanda kwa barafu sisi, tumeliona likifura baada ya kila mechi. Mchezaji akihama huondoka na mambo yenu mengi, lakini na yeye ya kwake anayaacha. Suud kaondoka na mbinu zetu, sisi tumebaki na goti lake.

Na Yaarub alikwisha tangaza mapema, tulipokuwa tunavaa viatu: "Wallahi leo lile goti nalizika."

Mimi ni kipa na nahodha. Kazi yangu kupiga kelele. Basi nikapiga.

"Mguu wa kushoto, Yaarub! Wa kushoto!"

Kwa Kiswahili.

Hapo ndipo ulipo ujinga, msiutafute kwengine. Mabeki wetu wote wametoka nyumba za Kiswahili, na tokea tuanze tunaelekezana kwa Kiswahili uwanjani. Timu za Nizwa na Ibri, Kiarabu tu ndicho wanachokijua, zilikuwa zinakodoa macho tu, hazijui nani anaambiwa aende wapi. Raha tupu. Kumbe siku ile anayenisikia ni Suud pia, mtu ambaye nusu ya maneno yetu kayatunga yeye!

Suud akasikia vizuri kuliko Yaarub. Akaukunja mguu wa kushoto tumboni, akaruka, akaugusa mpira kwa mguu wa kulia, mguu ambao mimi namjua nao kwa kazi moja tu, kukanyagia breki.

Yaarub akapita chini yake kama tenga la samaki lililotupwa. Njumu zikanipata mimi. Mbavu kwanza, halafu mkono.

Nikasikia "ko!" Nilipofungua macho kidole changu cha kati kilikuwa kinatazama Sohar, kaskazini, na wenzake wote wanatazama Sur, kusini.

Na mpira uko wavuni. Rimal mbili, Samar moja.

Suud hakushangilia. Alinisimamia kichwani, kajishika kiuno, ananitazama kama mtu aliyekuta mwizi dukani kwake na mwizi ni ndugu yake.

"Goti langu, Saeed?" akasema. "Umewaonyesha goti langu?"

"Nilisema mguu! Mguu unaofungia!"

"Mguu wangu wa kushoto una nini katikati yake?"

Yaarub alikwisha inuka. Alimshika Suud shingo kwa mikono miwili, kama anataka kumbusu, akampiga kichwa cha uso.

Pua ilipasuka, damu ikamrukia refa kwenye shati.

Baada ya hapo, jamani, mpira ulikwisha na kazi nyengine ikaanza. Mchezaji mmoja wa Rimal aling'oa kijiti cha bendera ya kona akaja nacho mbio. Marwan, beki wetu wa kulia, alimpokea kwa teke la tumbo, kijiti kikaruka, akakidaka yeye, akampiga nacho mgongoni mpaka kikakatika. Nilimwona mtu wa benchi yao anamtafuna mtu wa benchi yetu sikio. Kocha wetu, Aflah, aliingia kutuachanisha, akapigwa kiwiko cha mdomo, naye akasahau kilichomleta akaanza kugawa makofi bila kuangalia jezi.

Refa alipuliza filimbi mpaka mishipa ikamsimama. Ungedhani anapuliza puto.

Mimi nilikuwa natambaa nitoke chini ya miguu ya watu, mkono kifuani, na katikati ya vumbi nikamwona Suud kalala chali, Yaarub juu yake. Ngumi ya kwanza mdomoni. Ya pili jichoni. Halafu Yaarub akageuka kwa makusudi, akaushika ule mguu wa kushoto kifundoni, akaanza kuusokota.

Suud akapiga ukelele mmoja, mpaka leo nikisikia mlango wa gari wenye kutu nageuka.

Walinzi wa uwanja wakamvuta Yaarub kwa kola. Watu wa Rimal wakamkokota Suud. Refa akafunga mchezo hapo hapo. Tumetolewa.

Tukaingia chumba cha kubadilishia nguo. Kila mtu anatafuta wa kumla. Nikawarahisishia kazi mwenyewe.

"Jamani, nani ana barafu? Kidole hiki kinataka kuhama timu."

Hakuna aliyecheka. Marwan alinijia mpaka puani.

"Umemwambia."

"Nimemwambia nani?"

"Suud! Umempigia ukelele akasikia, akaukunja mguu. Ndugu yako, eh? Damu nzito!"

"Kwani miaka yote hii napiga ukelele kwa lugha gani, Marwan? Kichina?"

Kofi. Sikio likaanza kuimba. Nyuma ya Marwan nikawaona wengine wanainuka mmoja mmoja, na hawa ni watu niliokula nao sahani moja mwaka wa tatu sasa. Mmoja akanipiga teke la paja. Mwengine akanivua kitambaa cha unahodha, nacho kilikuwa mkono wenye kidole kibovu, nikaona nyota za mchana.

"Mwacheni," akasema Yaarub.

Wakaniacha. Yaarub alikuwa kakaa kwenye benchi, mikono yote damu, na hata tone moja si lake. Akaja polepole. Akaniweka kiganja kifuani, kwenye mbavu zile zile alizozikanyaga, akanigandamiza ukutani.

"Nakupa mawili, Saeed. Wewe khaini au mjinga?"

"Mjinga," nikasema haraka. "Mjinga, bwana, na mashahidi nnao. Muulize mwalimu wangu wa hesabu."

Kuna mtu nyuma akapasuka kicheko. Halafu wa pili. Mimi nimelelewa na ngumi tangu mdogo, najua watu wakicheka mikono yao inalegea. Wote wakalegea, ila Yaarub.

"Basi mjinga akae chini," akasema. "Akili tunazo sisi."

Akachukua funguo za gari. Kabla hajatoka akafungua begi lake, na chini ya taulo akatoa chuma cha kufungulia nati za matairi. Mtu haweki kitu kile chini ya taulo kwa bahati mbaya. Kile kilikuwa begini tokea asubuhi.

Mlango ukafunga. Hakuna aliyenyanyuka.

"Kaenda wapi?" nikauliza.

Mmoja akainama kufungua kamba za viatu.

"Marwan! Kaenda wapi?"

"Suud hakwenda spitali," akasema Marwan taratibu, na ile hasira yake yote imemtoka kama hewa. "Kawakatalia. Kasema anakwenda kwa mamake."

Kwa mamake. Ansab. Kwa mama yangu mdogo, Bi Zakiya.

"Una gari?"

"Saeed, mimi simo."

"Umenipiga kofi, una deni. Washa gari."

Tulitoka uwanjani, upande wa Rusayl, Marwan anaendesha kama anafukuzwa, mimi mkono wangu nimeutia ndani ya mfuko wa barafu tuliouomba kwa muuza vinywaji getini. Marwan alikuwa anatafuta maneno. Tulipoingia barabara kuu akayapata.

"Nikwambie kitu, lakini usiniulize nimekijuaje."

"Sema."

"Suud si wa kwanza kutaka kuhama. Wa kwanza Yaarub."

Nikageuka mzima mzima, mbavu zikanikumbusha zipo.

"Yaarub yupi?"

"Huyu huyu! Kabla ya Ramadhani alikwenda Rimal kwa mguu wake, akakaa na kocha wao. Wakamwambia mabeki tunao, wa mbele wenu yule ndiye tunayemtaka. Yaani alikwenda kujiuza yeye, wakamuuliza bei ya mwengine."

"Na Suud anajua?"

"Suud ndiye aliyeniambia."

Nilicheka. Wallahi nilicheka, mpaka machozi, mengine ya maumivu. Msimu mzima Yaarub anatuhubiria. Khaini, khaini, khaini. Tulipopoteza mechi mfululizo baada ya Suud kuondoka, kila kipigo tulimhesabia Suud. Tulikuwa juu ya kundi, tukaja kuingia nusu fainali kwa kupenya dirishani. Watu walilia. Wengine wakaacha kuja mazoezi, kila mtu anamtazama mwenzake nani anafuata. Timu ikawa kama nyumba yenye mgeni asiyejulikana anaondoka lini. Na aliyekuwa anatutia moto wa chuki ndiye aliyegonga mlango wa Rimal kwanza!

"Endesha," nikamwambia Marwan. "Huyu hakwenda kuvunja goti la khaini. Kakwenda kuvunja goti walilolipenda kuliko yeye."

Tulipofika Ansab gari ya Yaarub ilikuwa imezuia geti, mlango wazi, injini inanguruma. Gari ya Suud ndani ya ua haina kioo cha mbele. Kilikuwa kimemwagika chini chote, kinameta kama chumvi.

Tukasikia kishindo. Halafu kile kilio.

Nilikimbia na mbavu zangu. Suud alikuwa kaanguka kwenye ngazi za mlangoni, bendeji puani, anajivuta kwa viwiko. Yaarub alikwisha mpiga mara moja. Niliona suruali imechanika chini ya goti na damu inachuruzika kiatuni. Chuma kiliinuka tena.

Nikamrukia mgongoni.

Kwa mkono mmoja nikamkaba shingo. Akaninyanyua kama mkoba akanibamiza ukutani. Sikuachia. Nikamuuma sikio, na nisiseme uongo, nilikuwa nimejifunza nusu saa kabla kwa yule bwana wa benchi ya Rimal. Akapiga ukelele, akazungusha chuma nyuma, kikanipata bega. Mkono wote ukafa. Nikateleza nikakaa chini kama gunia la mchele.

"Marwan!" nikapiga kelele. "Mshike!"

Marwan alisimama getini, hawezi kuingia, hawezi kuondoka.

Suud akamshika Yaarub mguu. Yaarub akamkanyaga mkono, akamkanyaga tena, akajitoa. Akapanua miguu. Akalipima lile goti kama mtu anayepima msumari kabla ya kuupigilia.

Na mlango ukafunguka.

Mama mdogo alitoka na kanga yake ya nyumbani, kiremba kimelegea, tasbihi ingali mkononi. Alikuwa kwenye msala, anasubiri magharibi. Alitazama gari. Alitazama damu. Alinitazama mimi chini ya ukuta. Halafu akamtazama Yaarub, aliyesimama na chuma juu ya kichwa.

Na Yaarub, mtoto aliyelelewa na watu, mdomo wake ukafanya kazi kabla ya akili yake:

"Shikamoo, Bi Zakiya."

"Marahaba," akasema mama mdogo.

Nnaapa. Chuma kiko juu.

Hakupiga ukelele. Hakuita jirani. Alishuka ngazi akapanga kanga yake vizuri, akakaa chini sakafuni, juu ya vigae vyenye damu. Akaunyanyua mguu wa kushoto wa mwanawe, taratibu, akaupakata mapajani mwake. Mikono miwili akaiweka juu ya goti.

"Haya," akasema. "Piga."

Yaarub akarudi nyuma hatua moja.

"Bi Zakiya, ondoka hapo."

"Ntaondoka vipi na mguu wa mwanangu nimeupakata? Piga, mwanangu. Utanipata mimi kwanza, lakini we si una nguvu?"

"Mama," akasema Suud kwa sauti ndogo. "Mama, vidole vya mguu sivisikii."

Mama mdogo hakumwondolea Yaarub macho. "Marwan," akasema, "na wewe uliyesimama hapo kama mlingoti. Ita gari ya wagonjwa. Sasa hivi."

Marwan akatoa simu. Akapiga, akawaelekeza nyumba.

"Kahama, bibi!" Yaarub akapasuka. "Mwanao katuacha! Tulikuwa timu, tulikuwa watu! Kaondoka katikati ya msimu, timu ikafa, watu wanatucheka!"

"Na goti hili lilipofura kama nazi," akasema mama mdogo, "nani alimkamata akachomwa sindano ili acheze? Si kocha wenu? Na nani walimpigia makofi alivyoingia uwanjani anachechemea? Si nyinyi? Huko alikohamia kitu cha kwanza walimwambia apumzike."

Niliona bora nami nitoe neno.

"Mama mdogo, mimi leo nilipiga ukelele wa mguu wa kushoto lakini nilikuwa na maana ya…"

"We nyamaza, Saeed. Wewe zamu yako inakuja, na utatamani hicho chuma."

Nikajisogeza ukutani.

Suud akainua kichwa. Jicho moja limefunga kabisa, meno yana damu, lakini anacheka. Hatufanani kwa kitu ila hicho.

"Muulize, mama," akasema. "Muulize nani alikwenda Rimal kabla yangu."

Rangi ilimtoka Yaarub. Akamtazama Marwan, Marwan akatazama geti.

"Sikuhama!" Yaarub akanguruma, na machozi yakaanza kumtoka, machozi ya hasira, yasiyofutwa. "Niliomba! Kuomba si kuhama! Mimi nipo Samar, nimebaki Samar, yeye ndiye aliyekwenda! Mtu anaacha wenziwe waliokula naye, anakwenda kuvaa nguo za wengine, na huko anapokewa, anapigiwa makofi! Hiyo ni haki? Mtu kama huyo hafai kusimama kwa miguu miwili!"

Akakikamata chuma kwa mikono yote. Nikajaribu kunyanyuka, bega likakataa. Suud akafumba lile jicho lake moja.

Mama mdogo hakuondoa mikono juu ya goti. Alimtazama Yaarub kutoka chini, akatikisa kichwa kidogo.

"Babako kahama Unguja, akahama Dubai, akahamia hapa, na kila alipoingia watu wamempa kahawa na pahala pa kukaa. Mwanangu kahama skuli tu, we wamletea chuma?"